Marekani: Jinsi mahakama ya jimbo inavyomlinda mtoto mhamiaji aliyetelekezwa

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 17 anaishi kwa shangazi yake nchini Marekani bila kibali. Baba yake alimtelekeza tangu utotoni. Je, sheria ina njia ya kumsaidia? Ipo, ila umri wake usimpite.

Sheria inasemaje?

Mwaka 1990 Bunge la Marekani liliweka hadhi maalumu kwa watoto wahamiaji walioteswa, kutotunzwa au kutelekezwa na wazazi. Mwaka 2008 sheria hiyo ilipanuliwa: inatosha kama aliyemkosea mtoto ni mzazi mmoja tu.

Hatua ya kwanza: mahakama ya jimbo

Masuala ya uhamiaji ni ya serikali kuu, lakini masuala ya malezi huamuliwa na majimbo. Kwa hiyo safari huanzia mahakama ya watoto au ya familia. Jaji huangalia mambo matatu:

- Mtoto awe chini ya ulinzi wa mahakama, au akabidhiwe kwa mlezi, kama shangazi yake.
- Isiwezekane kumrudisha kwa mzazi aliyemkosea.
- Kumrudisha nchi ya asili kusiwe kwa manufaa yake.

Jaji huyu hatoi kibali cha kuishi Marekani. Anachotoa ni amri ya mahakama.

Hatua ya pili: idara ya uhamiaji

Amri hiyo hupelekwa USCIS, idara ya serikali kuu, pamoja na ombi la hadhi hiyo. Mwombaji awe ndani ya Marekani, hajafikisha miaka 21, na hajaoa wala kuolewa. Kisheria jibu litoke ndani ya siku 180. Akikubaliwa, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani. Hapo foleni ni ya miaka, kwa sababu nafasi za kila mwaka zina kikomo.

Tahadhari

Majimbo mengi huacha kumhesabu mtu kuwa mtoto akifikisha miaka 18. New York, California na Maryland huruhusu mlezi kuteuliwa hadi miaka 21. Kwa hiyo kijana wa mfano wetu anaweza kuikosa nafasi kwa sababu ya jimbo analoishi tu.

Tena, wazazi hawapati kibali kupitia mtoto huyu, hata yule asiye na kosa. Na katika mahakama ya uhamiaji serikali hailazimiki kumlipia mtoto wakili. Yapo mashirika ya msaada wa kisheria. Tunashauri waende huko, si kwa madalali.

Mlioko nyumbani mnaweza kusaidia

Jaji na USCIS huhitaji ushahidi. Cheti cha kuzaliwa, na maelezo ya bibi au jirani anayejua nani alimlea mtoto, huweza kuwa na uzito mkubwa. Kama una ndugu Marekani anayelea mtoto wa namna hii, mpigie simu. Swali la kwanza liwe: mtoto anatimiza miaka 18 lini?