Waya wa Ardhini na Bomba la Maji
Mwaka 1882 chama cha wahandisi mjini London kilitoa kanuni za taa za umeme. Nazo zilihofia moto hasa. Baadaye ikaenea desturi huko Uingereza ya kufunga waya wa ardhini kwenye bomba la maji, maana bomba la chuma limezikwa udongoni. Umeme ukivuja katika pasi, hupita huko, fyuzi hukatika, mtu husalimika. Kisha yakaja mabomba ya plastiki, nayo hayapitishi umeme. Bomba la barabarani lilipobadilishwa, taa ziliendelea kuwaka kama jana, na mwenye nyumba hakujua kwamba kinga yake imekwisha. Hilo ndilo la kutisha. Kwa hiyo mkaguzi hatosheki na taa kuwaka; hupima kwa chombo kama waya ule bado wafika ardhini.