Madaraja Yasiyo na Simba

Nikisema natoka Ronge, watu wengi wa Nairobi huuliza ni wapi huko. Nikiongeza kwamba ni Taita, upande wa Voi, wanachangamka: "Aah, kule kwa simba wa Tsavo!"

Simba hao ndio waliolipa daraja la Tsavo jina. Machi 1898, Mwingereza John Henry Patterson alifika kusimamia ujenzi wa daraja la reli ya Uganda. Simba wawili wakawa wanawala wafanyakazi, hadi alipowaua Desemba mwaka huo. Mwaka 1907 akatoa kitabu, na 1924 akaziuza ngozi zao kwa makumbusho ya Field, Chicago. Hollywood nayo ikatengeneza sinema mwaka 1996, tena ikapigiwa Afrika Kusini. Ndiyo maana mtalii akipita Tsavo hadi leo anaulizia daraja.

Sasa shuka nasi kutoka Ronge hadi Mwatate. Pale utakutana na reli nyingine, ya Voi kwenda Taveta, ambayo haina simba wala sinema. Ilizaliwa na vita. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, kisha vikosi vyao vikawa vinavuka nyika kuja kulipua reli kuu. Waingereza wakaamua kujenga tawi la reli la kupeleka jeshi na chakula mpakani. Kazi ilianza 1915, na katikati ya mwaka huo reli ikafika Maktau. Kila korongo la maji yanayoshuka kutoka milima ya Taita lilihitaji daraja au kalvati, nayo yakajengwa haraka haraka na vikosi vya reli kutoka India pamoja na vibarua wa Kiafrika.

Reli ilipokoma, mzigo ulipanda kichwani mwa binadamu. Hawa ndio Kariakoo, wabeba mizigo wa jeshi, ambao jina lao limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Rekodi za Waingereza wenyewe zinahesabu zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi kwa malaria, kuhara damu na njaa. Watu wa Kasigau, majirani zetu, walishukiwa kuwasaidia Wajerumani, wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi mwaka 1915.

Nenda makaburi ya vita ya Voi au Taveta: wanajeshi wa Kizungu wana mawe yenye majina. Wabeba mizigo je? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa sababu maelfu yao hawakuwahi kuwekewa kumbukumbu kwa majina. Kwa hiyo ukitafuta alama ya babu zetu katika vita vile, mojawapo ya chache zilizobaki ni hii reli na vidaraja vyake.

Shida ni kwamba uzee peke yake haulindi kitu. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, jengo huwa mnara wa taifa Waziri akilitangaza kwenye Gazeti Rasmi. Lisipotangazwa, ni chuma tu, na chuma kina soko. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya skrap kwa sababu ya wizi wa miundombinu. Mei ikairuhusu tena.

Simlaumu kijana asiye na kazi anayeona kilo za chuma pale tunapoona historia. Hakuna aliyemwambia ni historia ya nani. Tsavo ilipata mwandishi mapema, nasi tuna simu mfukoni. Ukienda ushago Desemba, piga picha kila daraja kati ya Voi na Taveta, andika lilipo na hali yake, waulize wazee wanaliitaje kwa Kidawida. Orodha hiyo ndiyo kaunti itakayohitaji ikitaka kumwomba Waziri atangaze, na itafaa zaidi ikiwahi kabla ya lori la skrap.