Kiinitete Kilichovuka Mpaka

Mwezi Septemba mwaka 2016 ulimwengu ulitangaziwa kwamba mtoto wa kiume amezaliwa akiwa na urithi wa watu watatu. Wazazi wake ni Wajordani. Daktari wao, John Zhang, alikuwa na zahanati mjini New York. Mimba ilipandikizwa nchini Mexico.

Mama huyo alikuwa mzima, lakini alibeba kasoro katika mitokondria, yaani vijichembe vinavyoipatia seli nguvu, ambavyo mtoto hurithi kwa mama peke yake. Alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili, na mimba nne zilimharibikia. Daktari alitoa kiini cha yai lake, akakitia katika yai la mwanamke mwingine lililoondolewa kiini chake, ndipo likarutubishwa kwa mbegu ya mume. Wazazi hao, ambao ni Waislamu, walipendelea njia hii kwa kuwa haikuhitaji kuharibu kiinitete kingine.

Kwa nini Mexico? Mwezi Desemba mwaka 2015 Bunge la Marekani liliweka kifungu katika sheria ya bajeti kikiizuia idara ya chakula na dawa hata kupokea maombi ya kazi ya namna hiyo. Zhang mwenyewe alisema kwamba Mexico hakukuwa na kanuni. Agosti 2017 idara hiyo ilimwandikia barua: kiinitete kilitengenezwa Marekani, kisha kikapelekwa ng'ambo ya mpaka, aache kuitangaza huduma hiyo. Askari wa mpakani hupekua lori la magendo akakuta magunia. Kitu kidogo kuliko chembe ya mchanga atakipekua wapi?

Hasara ya njia hiyo ya panya ilionekana upesi. Wazazi walikataa mtoto asiendelee kupimwa pasipo sababu ya matibabu, nao walikuwa na haki. Lakini hapakuwapo kibali chochote ambacho kingeweka masharti mapema.

Uingereza ilichukua njia ndefu. Februari 2015 Baraza la Makabwela lilipitisha kanuni kwa kura 382 dhidi ya 128, kila familia iombewe kibali chake. Julai 2025 madaktari wa Newcastle walitangaza watoto 8. Kwa sheria hiyo mtoa yai si mzazi, na mtoto akifika miaka 16 aweza kuomba habari kidogo juu yake, ila si jina.