Maji ya Tana Yakishuka, Magonjwa Hupanda

Mimi ni mzaliwa wa Tana Delta. Tangu utotoni nimeuona Mto Tana ukivunja kingo, na jambo moja hujirudia kila mara: boti, mahema na kamera hufika maji yakiwa juu, kisha huondoka yakianza kushuka. Kumbe huo ndio wakati wagonjwa wanaongezeka.

Mvua inayotufurikia mara nyingi hata hatuioni. Hunyesha huko Mlima Kenya na milima ya Aberdare, ikajaza mabwawa ya umeme kuanzia Masinga hadi Kiambere. Mabwawa yakifurika, maji hupita Garissa, Hola na Garsen hadi vijiji vya karibu na Kipini. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa El Nino mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, kabla wengi hawajamaliza kujenga upya.

Magonjwa ya mafuriko huja kwa zamu. Ukizijua zamu hizo, unaweza kujipanga.

Kwanza ni kuhara na kipindupindu. Vyoo vya shimo hujaa, uchafu ukaingia visimani, na kambini watu wengi hutumia vyoo vichache. Dalili za kipindupindu huanza kati ya saa chache na siku tano, na asiyetibiwa anaweza kufariki ndani ya saa chache. Chemsha maji au yatie dawa, hata yakionekana safi. Mgonjwa mpe lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, visijae kilele, huku mkimkimbiza kituo cha afya.

Wiki chache baadaye huja malaria. Maji yakishuka huacha madimbwi. Yai la mbu huchukua kama wiki moja hadi mbili kuwa mbu kamili, na aliyeambukizwa huchukua wiki moja au zaidi kabla ya kushikwa na homa. Wakati huo wageni wamekwisha kuondoka, na neti zilisombwa na maji.

Kwa wafugaji kuna homa ya Bonde la Ufa. Mayai ya aina fulani ya mbu hukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka, yakingoja mafuriko. Mlipuko wa 2006 na 2007 ulikumba Garissa na Tana River, na kuua zaidi ya watu 150 nchini. Mifugo wakitupa mimba kwa wingi, msichinje wala msinywe maziwa mabichi. Mwiteni afisa wa mifugo.

Halafu kuna wagonjwa wasiohesabiwa: wenye presha, kisukari, kifua kikuu na virusi vya Ukimwi. Mwaka 2023, shangazi yangu alitoka nyumbani na nguo alizovaa na vidonge vichache vya presha. Barabara ikakatika. Alikaa wiki mbili bila dawa. Kambini kila aliyekuja aliuliza kuhusu unga na blanketi; hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani. Alipofika hospitali, alikuwa amepooza upande mmoja.

Ndiyo maana nasema msaada wa afya usifungwe siku maji yanapokauka. Kliniki tamba ibaki angalau miezi mitatu baadaye, na neti zigawiwe watu wanaporudi makwao. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaijua kila nyumba: waandike mapema, kabla ya mvua, nani ni mjamzito na nani anategemea dawa za kila siku.

Nawe msomaji unayeishi kando ya mto, leo hii tia dawa zako na kadi ya kliniki kwenye mfuko wa plastiki, uuning'inize karibu na mlango. Shangazi sasa anao wake. Anaufikia kwa mkono mmoja.