Simu za Ughaibuni Zilipoletwa Nairobi

Novemba 2003, kampuni ya Dell ilirudisha Marekani sehemu ya simu za msaada wa kiufundi zilizokuwa zikipokelewa Bangalore, India. Wateja walilalamikia lafudhi na majibu ya kukariri. Lakini zilizorudishwa ni simu za makampuni, wenye kompyuta za OptiPlex na Latitude. Mtu wa kawaida mwenye kompyuta moja nyumbani aliendelea kujibiwa Bangalore. Huwa nawakumbusha hayo wanaosema huduma iliharibiwa na lafudhi ya Wahindi.

Kazi kama hiyo ya kupokea simu za wateja wa ughaibuni niliifanya Nairobi. Hadi 2009 tulikuwa hatuna kebo ya baharini, kwa hiyo sauti ilipanda hadi kwenye setilaiti, kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, ndipo ishuke. Unamuuliza mteja swali, kimya. Unadhani hakusikia, unarudia, kumbe naye ameshaanza kujibu, mnagongana. Wengi walidhani sisi ndio wazito wa kuelewa. Juni mwaka huo kebo ya TEAMS ikafika Mombasa kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, Julai kebo ya SEACOM ikaanza kazi, na maongezi yakanyooka.

Kilichobaki vilevile ni saa. Ilikuwa kwenye pembe ya skrini, ikihesabu sekunde tangu upokee simu, na msimamizi alitupima kwayo. Kama tatizo limeisha au halijaisha, hakuna aliyeuliza. Jioni moja alipiga mama wa Uingereza ambaye intaneti yake ilikatika kila mvua iliponyesha. Fundi yeyote angeshuku maji yameingia kwenye waya huko nje. Maelekezo niliyopewa yalitaka azime mtambo, asubiri, awashe. Ruhusa ya kutuma fundi ilikuwa ya idara nyingine, hukohuko Uingereza, na kuwahamishia simu kulinipunguzia alama. Mama alizima, akawasha, akashukuru. Mvua haikuwa inanyesha saa ile, kwa hiyo intaneti ilirudi, na simu yake ikaandikwa kuwa imetatuliwa.

Wenye kampuni, mkituletea simu zenu, iwe Nairobi au Manila, tuleteeni pia ruhusa ya kumtuma fundi na kumrudishia mteja pesa zake. Na ile saa iondoeni.