Mwalimu Mweusi wa Darwin

Mwulize yeyote aliyesoma baiolojia shuleni Charles Darwin ni nani, naye atakujibu haraka: yule mzungu wa ndevu nyingi, visiwa vya Galápagos, nadharia ya mageuko. Sasa mwulize nani alimfundisha Darwin kumchuna ndege na kumhifadhi. Kimya! Leo nataka tumzungumzie mwalimu huyo. Alikuwa mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, na mwanafunzi wake hakuliandika jina lake.

Turudi Edinburgh, Scotland, Oktoba 1825. Darwin ana miaka 16. Baba yake ni daktari na anataka kijana naye awe daktari. Lakini udaktari ulimshinda mapema. Alihudhuria upasuaji mara mbili, mara moja mgonjwa akiwa mtoto, na mara zote alitoka mbio kabla kazi haijaisha. Kumbuka hizo zilikuwa zama za kabla ya dawa ya usingizi. Mtu alikatwa huku macho yakiwa wazi.

Mihadhara nayo ilimchosha. Profesa Robert Jameson, aliyefundisha jiolojia na zoolojia, alimboa mno hata kijana akaapa kutosoma tena kitabu cha jiolojia maishani mwake.

Basi elimu aliipata wapi? Sehemu kubwa nje ya darasa, na kuanzia mtaani kwake. Darwin alipanga nyumba namba 11, Lothian Street. Namba 37 ya mtaa huohuo aliishi John Edmonstone, aliyejipatia riziki kwa kuhifadhi ndege. Si kazi ya mchezo. Unamchuna ndege bila kuharibu manyoya, unaisafisha ngozi, unaitia dawa isioze, kisha unaijaza mpaka ndege aonekane kama yu hai. Mwaka 1826 Darwin alijifunza kwake kwa ada ya gini moja, yaani pauni moja na shilingi moja: somo la saa moja kila siku kwa miezi miwili.

Edmonstone alizaliwa Demerara, katika nchi tunayoiita leo Guyana. Hata jina hilo la ukoo lilikuwa la bwana wake, Charles Edmonstone, Mskoti mwenye shamba. Ufundi wa ndege alifundishwa na Charles Waterton, Mwingereza msafiri aliyekuwa rafiki wa bwana huyo. Mwaka 1817 alifika Scotland pamoja na bwana wake, na huko akawa mtu huru.

Sasa tafakari kidogo. Mwaka 1826 utumwa ulikuwa bado halali Demerara. Miaka mitatu tu nyuma, Agosti 1823, maelfu ya watumwa wa huko walikuwa wameasi, na uasi wao ukazimwa kwa damu. Sheria ya Uingereza ya kufuta utumwa katika makoloni yake ilipitishwa mwaka 1833. Kwa hiyo wakati ndugu wa kwao wakihesabiwa kama mali, Edmonstone alikuwa amekaa Edinburgh akimfundisha kazi mtoto wa tajiri, tena kwa malipo!

Baada yake alikuja Robert Grant, aliyetembea na Darwin ufukweni wakiokota viumbe wa baharini. Machi 1827 kijana alisoma mbele ya chama cha wanafunzi, Plinian Society, ugunduzi wake mdogo kuhusu viumbe hao. Mwaka huohuo akaondoka Edinburgh bila shahada. Kisha akaenda Cambridge kwa lengo la kuwa mchungaji, akatumia muda mwingi kukimbiza mbawakawa, na mwaka 1831 akapata shahada ya kawaida. Hakuwahi kupata shahada ya zoolojia.

Desemba 1831 akapanda meli ya Beagle. Safari ilichukua karibu miaka mitano, na huko melini ule ufundi wa Lothian Street ndio uliohitajika. Darwin naye akamfundisha msaidizi wake, Syms Covington, kuchuna na kuhifadhi ndege. Mwaka 1837 ngozi za ndege wa Galápagos zilimfikia mtaalamu John Gould mjini London, naye akagundua kwamba ndege walioonekana kuwa wa makundi mbalimbali walikuwa jamii moja ya chiriku wenye midomo tofauti. Hoja hiyo ilikuwa mojawapo ya zilizomsukuma Darwin kuelekea kitabu chake cha mwaka 1859.

Tusitie chumvi. Edmonstone hakubuni nadharia ya mageuko. Lakini ngozi iliyooza melini isingemfikia Gould.

Darwin hakumsahau. Uzeeni alipoandika habari za maisha yake, alimtaja mtu mweusi wa Edinburgh aliyefanya kazi yake vizuri sana, mcheshi na mwenye akili, ambaye alipenda kukaa naye. Na katika kitabu chake cha mwaka 1871 alisema kuwa ukaribu wake na mtu mweusi mmoja ulimwonyesha jinsi akili za binadamu zinavyofanana. Maneno mazuri. Ila jina hakuna! Aliyelifukua ni mtafiti R. B. Freeman, katika makala ya mwaka 1978.

Sisi waandishi wa habari, swali la kwanza tunalofundishwa ni "nani?" Habari isiyo na jina hurudishwa. Darwin aliandika majina ya maprofesa waliomchosha, lakini yule aliyemfaa akabaki "mtu mweusi".

Na hilo halikuishia Edinburgh. Katika vyuo vyetu pia wapo mafundi sanifu wa maabara wanaowaonyesha wanafunzi jinsi ya kushika kisu, kumpasua panya na kumhifadhi chura. Wengine wamefanya hivyo kwa miaka mingi, na kuna profesa aliyeanzia mikononi mwao. Wewe unayeandika tasnifu yako ya mwaka wa mwisho, ukifika ukurasa wa shukrani, usiandike "na wafanyakazi wote wa maabara." Waulize majina yao. Kisha yaandike, yote mawili, la kwanza na la ukoo.