Fasihi ya Magharibi Chuoni: Nairobi, Lubumbashi, Dar es Salaam, na Funzo Lake kwa Maniema

1. Utangulizi

Swali la nafasi ya fasihi ya Magharibi katika vyuo vikuu vya Afrika limejadiliwa kwa zaidi ya nusu karne, na mara nyingi limejadiliwa kana kwamba lina majibu mawili tu: kuikumbatia au kuifukuza. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba historia yenyewe ni pana zaidi. Tutaangalia vyuo vitatu vilivyolishughulikia swali hili kwa namna tatu, yaani Nairobi, Lubumbashi na Dar es Salaam. Kisha tutauliza historia hiyo inatufunza nini sisi wa Maniema, ambako mwanafunzi atokaye Pangi hufika darasani akiwa na Kilega cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na Kifaransa cha shule, akakuta kwamba ni hicho cha tatu peke yake kinachohesabiwa kuwa na fasihi.

Hoja yetu ni kwamba fasihi ya Magharibi huleta madhara inapofanywa kipimo cha fasihi nyingine, na huleta manufaa inapofanywa mojawapo ya vitu vinavyolinganishwa. Ipi kati ya hali hizo mbili itatokea hutegemea mambo mawili: matini zinazowekwa katikati ya mtaala, na lugha ambayo kwayo uhakiki hufanywa.

2. Mitaala ilikotoka

Katika Afrika Mashariki, mtaala wa fasihi ulitoka London. Kuanzia mwaka 1949 wanafunzi wa Makerere walisomea shahada za Chuo Kikuu cha London, na Idara ya Kiingereza iliwapitisha katika mkondo wa waandishi wakubwa wa Uingereza. Kongo, mtaala ulitoka Ubelgiji. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, na chuo cha serikali kikafunguliwa Elisabethville mwaka 1956. Huko fasihi ilifundishwa ndani ya filolojia ya Kirumi, yaani taaluma ya lugha zilizozaliwa na Kilatini. Mwanafunzi aliyeingia humo alikuwa tayari ameandaliwa na shule ya sekondari yenye Kilatini, Corneille na Racine.

Hapana budi kutaja sababu iliyoufanya mtaala huo uwe mgumu kubadilika. Thamani ya shahada ilitegemea kutambuliwa na chuo mlezi. Mwalimu aliyetaka kuingiza ngano au tendi za wenyeji alionekana kuhatarisha thamani ya cheti cha wanafunzi wake. Kwa hiyo, hata pale ambapo walimu hawakuidharau fasihi ya Kiafrika, utaratibu wenyewe uliiacha nje ya mlango.

3. Nairobi: mabadiliko kutoka kwa walimu

Tarehe 20 Septemba 1968 kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza ya Nairobi, wakati huo chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, aliwasilisha kwa Kitivo cha Sanaa mapendekezo kuhusu maendeleo ya idara yake. Tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walijibu kwa waraka uliotaka Idara ya Kiingereza ifutwe, na mahali pake paundwe idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Waraka huo ulichapishwa baadaye, mwaka 1972, katika kitabu cha Ngũgĩ kiitwacho Homecoming.

Kwa kuwa neno "kufuta" ndilo lililovuma, wengi wameusahau mpango uliofuata neno hilo. Watatu hao walipanga mizizi ya fasihi ya Afrika Mashariki hivi: kwanza fasihi simulizi, pili fasihi ya Kiswahili pamoja na ile ya Kiarabu na ya Asia, tatu fasihi teule ya Ulaya, na juu ya mizizi hiyo fasihi mpya ya Kiafrika. Fasihi ya Ulaya, basi, ilihesabiwa kuwa mzizi. Kilichokataliwa ni kuifanya shina, na matawi mengine yote yapimwe kwa urefu wake. Idara ya Fasihi ilipatikana Nairobi, na fasihi simulizi ikawa somo lenye heshima.

Hata hivyo, jambo moja lilibaki bila kuguswa. Idara iliyobadilika iliendelea kuhakiki kwa Kiingereza. Ngũgĩ mwenyewe, aliyefariki mwaka 2025, alilitambua pengo hilo alipoanza kuandika kwa Kigĩkũyũ katika miaka ya 1970.

4. Lubumbashi: mabadiliko kutoka juu

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vitatu, yaani Lovanium, chuo cha Lubumbashi na kile cha Kisangani kilichofunguliwa na Waprotestanti mwaka 1963, kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Taifa. Kitivo cha Fasihi kikakusanywa Lubumbashi. Mwaka huohuo nchi iliitwa Zaire, na sera ya uhalisi wa Kizaire ikatawala hotuba, majina na mavazi.

Hapa panastahili kulinganishwa na Nairobi. Kule dai la kurudi katika mizizi lilitoka kwa walimu watatu na likajadiliwa na kitivo. Hapa neno la kurudi katika mizizi lilitoka Ikulu, na kulipinga hadharani kulikuwa na hatari. Matokeo yake ni kwamba wasomi wa Lubumbashi walilazimika kufikiri pande mbili kwa wakati mmoja: dhidi ya Magharibi iliyojifanya kipimo, na dhidi ya uhalisi uliogeuzwa kaulimbiu.

Wawili wanatosha kuwa mfano. Wa kwanza ni V. Y. Mudimbe, mhitimu wa filolojia ya Kirumi wa Lovanium na daktari wa Louvain, aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970. Katika vitabu vyake, hasa L'odeur du père wa mwaka 1982 na The Invention of Africa wa mwaka 1988, alionyesha kwamba hata anayeukana Ulaya mara nyingi huukana kwa dhana zilizotungwa Ulaya. Wa pili ni Georges Ngal, mtaalamu wa Aimé Césaire. Riwaya yake, Giambatista Viko, iliyotoka Lubumbashi mwaka 1975, inamhusu msomi wa chuo anayetamani kuandika riwaya itakayotumia uwezo wa msimulizi wa jadi. Viko hana subira ya kukaa na wazee na kujifunza. Anataka kuchukua umbo la masimulizi ili ajipatie sifa mbele ya wasomaji wa Ulaya. Wazee wanamkamata, wanamhukumu kwa kuiba neno lao, na wanampa adhabu ya kutangatanga.

Riwaya hiyo ni historia ya kitivo kuliko inavyodhaniwa. Inatuambia kwamba kuingiza fasihi simulizi katika mtaala si ushindi ikiwa wenyewe hawakushirikishwa, na ikiwa kazi yote inaandikwa kwa lugha ambayo msimulizi hataweza kuisoma. Mwaka 1974 wataalamu wa lugha wa Zaire walikutana Lubumbashi na kujadili nafasi ya lugha za taifa katika elimu. Kwa upande wa vyuo vikuu, Kifaransa kiliendelea kuwa lugha ya kufundishia, na ndivyo kilivyo hadi leo.

5. Dar es Salaam: kuhakiki kwa Kiswahili

Njia ya tatu ni ya Dar es Salaam, ambako Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970 na kufundisha kwa Kiswahili chenyewe. Kabla ya hapo Mwalimu Nyerere alikuwa ametafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: ile ya Julius Caesar mwaka 1963, aliyoirekebisha mwaka 1969, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. S. S. Mushi naye alitoa Makbeth mwaka 1968. Kwa tafsiri hizo Shakespeare aliingia darasani akiwa mgeni aliyejifunza lugha ya mwenyeji.

Athari ya Magharibi haikupungua kwa sababu hiyo. Ilipata mahali pa kubishaniwa. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, watetezi wa vina na mizani walidai kwamba ushairi huru ni uigaji wa Kizungu. Mulokozi na Kahigi waliingia katika mjadala huo kwa tungo na kwa hoja. Baadaye Kezilahabi aliandika Nagona, mwaka 1990, na Mzingile, mwaka 1991, riwaya ambamo wahakiki wameona mazungumzo na falsafa ya Ulaya. Ubishi wote huo ulifanyika kwa Kiswahili, mbele ya wasomaji ambao wangeweza kuukubali au kuukataa. Tunaamini hii ndiyo tofauti kubwa kati ya Dar es Salaam na vyuo viwili vilivyotangulia.

6. Pangi: matini tatu za msitu mmoja

Tuje sasa nyumbani. Novemba 1876 Stanley aliondoka Nyangwe pamoja na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, wakaingia katika msitu mkubwa wa mashariki ya Lualaba. Nchi hiyo Stanley aliiita Uregga, nasi twaijua kuwa ni Ulega. Katika kitabu chake cha mwaka 1878 msitu huo ni giza, maji na hofu, na wenyeji ni vivuli. Tippu Tip naye aliacha maisha yake kwa Kiswahili, yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903 kwa juhudi za Heinrich Brode. Safari ni ileile, lakini giza halimo. Mnamo pembe za ndovu, mikataba na hesabu, na hata fedha alizoahidiwa na Stanley hazifanani katika vitabu viwili hivyo. Yafaa kusema wazi kwamba Kiswahili hapa si lugha ya malaika. Ni lugha ya mfanyabiashara ambaye misafara yake ilibeba watumwa, na kwa misafara hiyo lugha hii ilifika Maniema.

Matini ya tatu ni ya Walega wenyewe. Katika chama cha Bwami, kilichopigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1948, methali na sanamu zilifundishwa pamoja. Sanamu moja iliweza kubeba maana kadhaa kulingana na methali iliyoimbwa na daraja la mtu anayefundwa. Aliyepanda hadi kindi alikuwa amepita shule ndefu ya kufasiri. Tendi nazo zilikuwapo. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti Ulega mwanzoni mwa miaka ya 1950, alizikuta tendi za Walega. Na kwa jirani zao Wanyanga aliandika utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke kwa siku kumi na mbili mwaka 1956. Alipouchapa mwaka 1969 huko California alikuwa pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha na Mnyanga mwenyewe.

Mwaka mmoja tu baadaye, Ruth Finnegan alitoa kitabu chake mashuhuri kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, na humo alitia shaka kuwapo kwa utendi halisi kusini ya Sahara. Shaka hiyo ilitokana na kipimo: alitafuta utenzi mrefu wenye mizani kama wa Homer, ilhali Rureke alichanganya nathari, wimbo na uigizaji. Isidore Okpewho alijibu kwa kitabu kizima mwaka 1979, na Mwindo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wake. Mfano huu unatosha kuonyesha jinsi kipimo kilichoazimwa kinavyoweza kumfanya msomi makini asione kilicho mbele yake.

7. Hitimisho

Historia tuliyoieleza inatupa mafunzo matatu. Nairobi inatufunza kwamba mtaala unaweza kupangwa upya bila kumfukuza mtu. Lubumbashi inatufunza kwamba mizizi ikigeuzwa kaulimbiu, au ikichukuliwa bila ruhusa ya wenyewe, haizai matunda. Dar es Salaam inatufunza kwamba athari ya kigeni hukomaa pale inapobishaniwa kwa lugha ya watu.

Kwa Maniema tunapendekeza jambo dogo la kuanzia. Stanley, Tippu Tip na utendi mmoja wa Kilega visomwe katika somo moja, vikizungumzia msitu mmoja, na mwanafunzi aruhusiwe kuandika tasnifu yake ya lisansi kwa Kiswahili, akinukuu Kilega kama kilivyosimuliwa. Pia nakala ya kazi hiyo irudishwe kijijini ilikokusanywa, ili msimulizi au wajukuu wake waweze kusema ni wapi tumekosea. Conrad, aliyepanda Mto Kongo mwaka 1890, atasomwa vizuri zaidi baada ya hapo. Mwanafunzi wa Pangi atamkuta akizungumzia mto ambao yeye mwenyewe amekwisha kuusikia ukisimuliwa na wengine, na atajua amuulize nini.